Upepo wa Maabara na Upepo wa Mtaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marekani ilikuwa na Empire State mbili. Ya kwanza unaijua: orofa 102, mita 381 kutoka barabarani hadi paani, ilifunguliwa New York mwezi Mei 1931. Ya pili ilikuwa Washington, ndani ya maabara ya serikali inayoshughulikia vipimo, na kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu. Ungesimama kando yake ungeiona utosi. Hugh Dryden, mwanafizikia ambaye miaka mingi baadaye angekuwa naibu mkuu wa NASA, na mwenzake Hill, waliisimamisha modeli hiyo ndani ya handaki la upepo, yaani chumba kirefu chenye feni kubwa. Wakawasha feni, wakapima jinsi hewa ilivyozisukuma na kuzivuta kuta zake. Ripoti yao ilitoka 1933.

Huko New York nako, mhandisi J. Charles Rathbun alikuwa anaifanya kazi hiyohiyo kwenye jengo lenyewe. Kwenye orofa kadhaa kuliwekwa vifaa vya kupima presha ya upepo ukutani. Vingine vilipima jinsi vyuma vya jengo vinavyojivuta na kujibana. Ndani ya jengo ikaning'inizwa timazi, ile ile ya fundi wa mawe, ila hii ilikuwa ndefu ajabu, ili ionyeshe kilele kinavyohama upepo ukivuma. Rathbun alichapisha matokeo yake 1940.

Jengo ni moja, umbo ni moja. Mtu angetarajia hesabu za Washington na za New York zikutane mahali fulani. Hazikukutana. Vipimo vya jengo halisi vilitawanyika huku na huku, na hata ukivijumlisha na kutafuta wastani, havikuimba wimbo mmoja na modeli. Kwa miongo iliyofuata, hilo pengo lilikaa kwenye vitabu kama deni ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelilipa.

Mimi si mhandisi. Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, na historia hii nimeisoma kwa kuipenda tu. Lakini kadiri ninavyoisoma, ndivyo ninavyoona kwamba kuna jambo moja ambalo watu wa upepo wamelazimika kujifunza tena na tena, mara nyingine baada ya kitu kuanguka. Kuchonga jengo dogo linalofanana na jengo kubwa ni rahisi. Fundi mzuri ataimaliza kazi hiyo kwa wiki chache. Kigumu ni kuchonga upepo.

Tuanze mbali kidogo, kabla hata maghorofa hayajawa mambo ya kawaida.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la reli juu ya mto Tay, Scotland, liliporomoka katikati ya dhoruba. Treni ilikuwa juu yake. Hakuna aliyetoka hai. Uchunguzi uligundua kwamba daraja hilo lilibuniwa bila kuuhesabu upepo kama inavyostahili. Serikali ya Uingereza ikageuka upande wa pili kabisa: madaraja yajayo yahimili presha ya ratili 56 kwa kila futi mraba. Nambari hiyo ilikuwa kubwa kweli kweli, na ilitokana na hofu kuliko vipimo.

Benjamin Baker, mmoja wa wahandisi waliopewa kazi ya kujenga daraja la Forth muda mfupi baadaye, aliamua kwenda kuuliza upepo wenyewe. Kwenye kisiwa kidogo cha Inchgarvie, palepale daraja lingepita, alisimamisha mbao za kupimia. Moja ilikuwa kubwa, futi mraba 300, kama ukuta wa sebule nzuri. Nyingine zilikuwa ndogo, futi mraba moja na nusu. Siku za dhoruba, zile ndogo zilionyesha presha kubwa kuliko ile kubwa.

Kwa nini? Kwa sababu upepo hauji kama ukuta mmoja unaotembea. Unakuja kwa mafungu. Dharuba moja inapiga hapa, mita kumi pembeni hewa imetulia kiasi, sekunde mbili baadaye mambo yamegeuka. Ubao mdogo unaweza kumezwa wote na dharuba moja. Ubao mkubwa unapigwa upande mmoja huku upande mwingine unapumua, na presha zinasawazishana. Ukiwahi kuangalia nguo zilizoanikwa juu ya paa la ploti Pipeline au Zimmerman, umeliona jambo hili: shuka ya mwisho inapigapiga kama bendera, shati la katikati limelala tu.

Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 watu walikuwa wamejua kwamba upepo wa kweli una vipande. Kisha wakapata chombo kizuri sana, na kwa muda mrefu chombo hicho kikawasahaulisha.

Handaki la upepo la kwanza lilitengenezwa Uingereza na Francis Wenham mwaka 1871. Kule Copenhagen, miaka ya 1890, Johan Irminger alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi, na akapata wazo la kutumia bomba refu la moshi la kiwanda kuvuta hewa ipite kwenye modeli ndogo za nyumba. Alichokiona kingemsaidia kila mwenye nyumba ya mabati: upepo hausukumi tu, unanyonya pia. Hewa ikiruka juu ya paa inalivuta kwenda juu. Mabati yanayong'oka usiku wa mvua mara nyingi hayajasukumwa kutoka chini. Yamefyonzwa kutoka juu.

Gustave Eiffel naye, baada ya mnara wake wa mita 300 kusimama Paris mwaka 1889, aliutumia kama maabara. Aliangusha vitu kutoka juu yake ili kupima jinsi hewa inavyovizuia. Mwaka 1909 akajenga handaki la upepo chini ya mnara huo, na 1912 akalihamishia mtaa wa Auteuil. Wakati huo ndege zilikuwa zimeanza kuruka, na kila mtu alitaka kujua bawa linabebwaje. Swali kubwa lilikuwa kama kuivumishia hewa modeli iliyosimama ni sawa na kuipitisha modeli ndani ya hewa iliyotulia. Vipimo vya Eiffel vilisaidia kuonyesha kwamba ni sawa.

Hapo ndipo mambo yalipojificha. Mahandaki yalikua na ndege. Ndege iko juu mawinguni, na kule mara nyingi hewa ni laini. Kwa hiyo handaki zuri lilikuwa lile lenye hewa laini kabisa, isiyo na msukosuko, yenye kasi moja kutoka sakafuni hadi darini. Wahandisi wa handaki walijivunia kuondoa kila vurugu. Kisha wahandisi wa majengo wakaja na modeli zao, wakaomba kuazima chombo.

Lakini jengo haliruki. Jengo limesimama chini, kwenye vurugu. Upepo unaofika mtaani umeshasugua mashamba, miti, vibanda, nguzo za stima na paa za majirani. Kila kitu unachokigusa kinaupunguza kasi na kuusokota. Karibu na ardhi ni mdogo na una fujo nyingi. Ukipanda juu unaongezeka kasi na kutulia. Anayeishi orofa ya pili na anayeishi orofa ya ishirini, ndani ya jengo moja, saa ileile, hawaishi kwenye upepo mmoja.

Modeli ya Washington ilipewa upepo wa ndege. Empire State ya New York ilipata upepo wa Manhattan. Hakuna aliyedanganya kwenye vipimo vyake. Kila mmoja alipima upepo tofauti.

Dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1934 utafiti mwingine wa maabara ileile uliizungushia modeli hiyo majengo jirani ya kubuni. Presha kwenye kuta zikabadilika sana. Mara jirani anakukinga, mara anakuelekezea upepo upande mmoja hadi jengo linataka kujisokota. Ujumbe ulikuwa wazi kwamba jengo halipigwi na upepo peke yake. Linapigwa na upepo uliokwisha pitia kwa majirani.

Aliyelifungua fundo lenyewe hakuanzia kwenye majumba marefu. Martin Jensen, mhandisi wa Denmark, alianza na mashamba. Kule kwao, mkoa wa Jutland ni tambarare na upepo wa bahari unapita bila kizuizi, kwa hiyo wakulima hupanda mistari ya miti kukinga mimea. Jensen alitaka kujua kinga hiyo inafanya kazi kiasi gani. Alipima shambani, akapima kwenye handaki, na majibu yakakataa kukubaliana. Badala ya kuilaumu modeli, aliitazama sakafu.

Sakafu ya handaki ilikuwa laini. Jensen akaanza kuikwaruza. Alitandika msasa, akajaribu karatasi yenye mikunjo, akajaribu vitu vingine vya kukwaruza zaidi, na kila mara akalinganisha na nyumba ndogo halisi aliyoipima nje kwenye upepo wa kweli. Mwaka 1958 akachapisha kanuni yake. Kwa lugha ya kawaida inasema hivi: ukipunguza nyumba mara mia, ni lazima upunguze na ukwaruzo wa ardhi mara mia. Nyasi za shamba zikiwa na kimo fulani kulinganisha na nyumba, basi na kwenye handaki uwiano huo ubaki uleule. Sakafu ikiwa sawa, presha za modeli zinafuata za nyumba. Sakafu ikiwa laini, unapata majibu ya nchi ambayo haipo.

Miaka zaidi ya themanini ya mahandaki, na kilichokosekana kilikuwa ni msasa.

Nisilifanye jambo liwe rahisi kuliko lilivyo. Kuna vitu ambavyo havikubali kupunguzwa. Hewa yenyewe haipungui: ukitaka modeli iliyopunguzwa mara 400 ipate mtiririko sawasawa na wa jengo halisi, hesabu inakudai upepo wenye kasi mara 400, na hilo haliwezekani. Kinachookoa ni kona. Jengo la pembe kali linaukata upepo palepale kwenye kona, liwe kubwa ama dogo, kwa hiyo modeli yake inaaminika. Shida ni vitu vya mviringo. Kwenye mviringo upepo hujichagulia mahali pa kuachia ukuta, na chaguo hilo linabadilika kulingana na ukubwa na kasi. Ndiyo maana wanaopima modeli za mabomba ya moshi wakati mwingine huzikwaruza ngozi ili kuulazimisha upepo uachie mahali panapofaa.

Hata muda hubadilika. Chukua modeli iliyopunguzwa mara 400, kwenye upepo wa theluthi moja ya kasi ya dhoruba. Saa nzima ya dhoruba inapita mbele ya modeli hiyo kwa sekunde 27 hivi. Mtu wa maabara anaweza kuishi miaka ya dhoruba kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, mambo ya mviringo na majirani yalikutana vibaya mahali panapoitwa Ferrybridge, Yorkshire, Uingereza. Hapo palikuwa panajengwa kituo cha umeme chenye minara minane ya kupoza maji, ile mipana yenye kiuno chembamba, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 114. Tarehe 1 Novemba 1965 upepo mkali ulivuma. Mitatu kati ya minane ilianguka, na iliyobaki ikapata nyufa.

Kilichowashangaza watu ni kwamba minara iliyoanguka haikuwa ile ya mbele iliyopokea upepo kwanza. Ilikuwa ile ya nyuma, ambayo mtu wa kawaida angesema imekingwa. Upepo ulipenya kati ya minara ya mbele, ukaongeza kasi na kujisokota, ukaifikia ya nyuma ukiwa na hasira zaidi. Uchunguzi ulirudisha masomo mawili mezani. La kwanza, hesabu zilikuwa zimeuchukulia mnara kama uko peke yake, si mmoja kati ya wanane. La pili, zilitumia wastani wa kasi ya upepo kwa dakika nzima, ilhali mnara haungoji dakika iishe ndipo uvunjike. Dharuba ya sekunde chache inatosha. Baker na mbao zake pale kisiwani angewaelewa haraka sana.

Kuna uzi hapa unaofika hadi kwetu. Kanuni ya Uingereza ya upepo iliyotoka baada ya hapo, ile wahandisi wanaiita CP3 ya mwaka 1972, iliacha wastani wa dakika na kutumia dharuba ya sekunde tatu. Kwa miaka mingi wahandisi wa Kenya wamebuni majengo kwa kuitumia kanuni hiyo. Majumba mengi ambayo wewe na mimi tunayapita kila siku kwenda kazini yamebeba ndani ya hesabu zake funzo la minara mitatu ya Yorkshire.

Wakati Ferrybridge inaanguka, Marekani kulikuwa na watu waliokuwa wameshaukamata ujumbe wa Jensen. Leslie Robertson alikuwa mhandisi kijana aliyepewa minara miwili ya World Trade Center, mirefu kuliko Empire State na myepesi zaidi. Wepesi huo ni jambo kubwa. Empire State imejaa mawe na matofali, na vipimo vya Rathbun vilionyesha kwamba ilikuwa ngumu mara kadhaa kuliko fremu ya chuma peke yake ingeweza kuwa. Kuta zilikuwa zinasaidia bila kuombwa. Majengo mapya ya kioo na chuma hayakuwa na msaada huo wa bure.

Robertson alishirikiana na Alan Davenport, Mkanada aliyezaliwa Madras, ambaye alikuwa ameandika kuhusu dharuba kwa lugha ya takwimu kuliko mtu yeyote kabla yake. Mwaka 1964 walipeleka modeli zao Fort Collins, Colorado, kwa Jack Cermak. Cermak alikuwa na handaki la aina tofauti, refu zaidi ya mita 20, lililojengwa ili kuchunguza hali ya hewa karibu na ardhi. Urefu huo ndio siri: upepo unapewa nafasi ya kusugua sakafu iliyokwaruzwa hadi unazoea, ndipo unalifikia jengo. Mwaka uliofuata Davenport akapata handaki lake la namna hiyo katika chuo kikuu cha Western Ontario. Baadaye huko huko Empire State ikapimwa upya, safari hii kwenye upepo wenye ardhi, na vipimo vya Rathbun vikaanza kueleweka. Lile deni la 1940 likalipwa katika miaka ya 1970.

Modeli za World Trade Center zilionyesha kitu ambacho hesabu za karatasi zingekikosa. Upepo ukipita jengo refu unaachia mizunguko ya hewa, mmoja kushoto, mmoja kulia, kwa zamu. Kila mzunguko unalivuta jengo upande wake, kwa hiyo upepo unatoka mbele lakini jengo linayumba ubavuni. Zamu hizo zikiangukia mdundo wa asili wa jengo, ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Minara miwili ikiwa jirani, mmoja unamharibia mwenzake hewa.

Na hapo likazuka swali ambalo hakuna handaki linaloweza kulijibu: jengo likiyumba, mwanadamu aliye ndani atajisikiaje? Mwaka 1965 mjini Eugene, Oregon, watu walialikwa kupimwa macho bure. Waliingia kwenye chumba cha kawaida cha daktari, wakaambiwa wakadirie ukubwa wa maumbo ukutani. Kumbe chumba chote kilikuwa kinasukumwa na mashine kutoka chini, polepole, kisha zaidi kidogo. Watu walianza kuhisi kizunguzungu kwenye mwendo mdogo kuliko wahandisi walivyodhani. Minara ikawekewa vifaa vya kumeza mtikisiko, kama 10,000 kwa kila mnara. Vipimo hivyo vilihitaji mwili wa mtu kuliko modeli.

Ungedhani baada ya hapo kazi imeisha. Ardhi imeingia maabara, majirani wameingia, dharuba zimeingia. Lakini hebu soma kilichotokea kwa minara hiyohiyo baada ya kuanguka kwenye shambulio la Septemba 2001. Mwaka 2002, kwa sababu ya kesi ya bima, maabara mbili tofauti, zote za watu wanaoheshimika katika kazi hii, zilipima upya modeli za World Trade Center. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipoyalinganisha majibu, kwenye ripoti yao ya 2005, walikuta makadirio ya nguvu za upepo yanatofautiana hadi asilimia 40. Asilimia 40! Jengo lilelile, jiji lilelile.

Tofauti haikutoka kwenye uchongaji wa modeli. Sehemu kubwa ilitoka kwenye namna kila maabara ilivyoichukua hali ya hewa ya New York: dhoruba kali hutokea upande gani, mara ngapi, kwa kasi gani, na unaziunganisha vipi na vipimo vya handaki. Davenport alikuwa na picha yake ya jambo hili. Aliita mnyororo: hali ya hewa ya eneo, kisha ardhi, kisha umbo la jengo, kisha mtikisiko wa jengo, kisha kiwango unachokubali. Handaki linashughulikia pingu za katikati. Pingu ya kwanza inatoka nje, kwa watu wanaopima upepo mwaka baada ya mwaka.

Pingu ya nne nayo ina kichaa chake. Jengo likianza kuyumba, linaimeza nguvu hiyo kwa kasi gani hadi litulie? Handaki haliwezi kukuambia. Mhandisi huchagua nambari kutokana na uzoefu, huipa modeli, na modeli inajibu kana kwamba nambari hiyo ni kweli. Njia ya kujua ni kungoja jengo lisimame, kisha ulisikilize. Ndivyo walivyofanya Chicago kuanzia 2002. Chuo kikuu cha Notre Dame, pamoja na kampuni ya ubunifu ya SOM na watu wa handaki la Western Ontario, waliweka vifaa vya kupima mtikisiko ndani ya majengo marefu ya jiji hilo na kuyafuatilia upepo ukija. Kwa ujumla modeli zilijitetea vizuri. Palipokuwa na mvutano, mara nyingi palikuwa kwenye nambari zile za kukadiria: mdundo wa jengo na uwezo wake wa kumeza mtikisiko.

Kitu kimoja kuhusu mradi huo kimenikaa akilini. Kwenye machapisho majengo hayo hayakutajwa kwa jina. Yaliitwa jengo la kwanza, la pili, la tatu. Ni rahisi kuelewa. Mwenye jumba la mamilioni ya dola hataki mpangaji asome gazetini kwamba nyumba yake inapimwa kama inayumba vile ilivyotarajiwa. Lakini matokeo ni kwamba modeli ya jengo inaweza kuonyeshwa kwenye picha za matangazo, na mtikisiko wa jengo lenyewe unabaki siri ya mwenye nyumba.

Siku hizi modeli zimekuwa sehemu ya fahari. Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ilipitia majaribio zaidi ya 40 ya handaki kule Kanada. Umbo lake lilibadilishwa na jengo lote likageuzwa kidogo kwa sababu ya majibu hayo, ili kila ngazi iachie mizunguko yake ya hewa kwa mdundo tofauti na upepo ukose pa kukamata. Hilo ni handaki likifanya kazi yake vizuri kabisa. Hata hivyo, mahandaki hayo marefu yenye sakafu ya kukwaruza yanaiga aina moja ya upepo: dhoruba pana inayovuma kwa masaa, polepole chini na kasi juu, kama zile za Denmark, Yorkshire na Chicago.

Nairobi iko karibu na ikweta. Upepo wetu mkali mara nyingi unatoka na mvua ya radi. Wingu linaachia hewa baridi, inaporomoka, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji ya ndoo uliyoyamwaga sakafuni. Inadumu dakika chache. Na kasi yake kubwa kabisa inaweza kuwa chini, makumi ya mita tu kutoka ardhini, kisha inapungua ukipanda. Ni kinyume cha ule upepo ambao Jensen alituzoesha. Watafiti wameanza kuujengea vyombo vyake. Kwenye chuo kile cha Davenport, miaka ya 2010, kulijengwa kuba kubwa lenye feni nyingi ili kuiga hewa inayoporomoka na hewa inayozunguka.

Kwetu, upepo wa kanuni hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, kwa kawaida uwanja wa ndege. Kutoka kwenye kile kifaa cha mita 10 hadi kilele cha Britam Tower pale Upper Hill, mita 200 juu, kuna daraja la hesabu tupu. Hesabu hizo si mbaya. Zimejengwa na watu makini, juu ya minara iliyoanguka na msasa wa Mdenmark. Lakini zilijengwa juu ya upepo wa kwingine, na kila mara historia hii ilipokwama, ilikwama hapohapo: upepo wa pahali pengine ukapewa jengo la hapa.

Tangu KICC ifunguliwe 1973, Nairobi imezidi kupanda juu. Dawa ni ileile aliyoitumia Rathbun miaka ya 1930, na sasa ni rahisi zaidi kwa sababu kifaa cha kupima mtikisiko kinaingia mfukoni. Weka vipimo kwenye majengo yetu marefu. Yasikilize usiku wa mvua za Aprili. Kisha matokeo yachapishwe, na majina ya majengo yawe wazi, ili mwanafunzi wa uhandisi wa hapa apewe siku moja jedwali la upepo lililoandikwa Upper Hill.